Kikwembe ya Mama Zaina Nyuma ya Chef

Mwanangu, weye unaanza kazi ya picha, kuna siku moja naikumbukaka hata tonge ya bukari ikiwa mu mukono, na bukari inagoma kushuka. Usicheke ju nakuita mwanangu na mi sina hata mvi kumi. Mwenye kuungua mbele njo anaonesha mwenzake pale moto iko.

Ilikuwa wakati ya parti moja, chama moja tu inchi muzima, mukuba, ile shaba yetu, ikiwa bado inalisha Lubumbashi muzima. Nilikuwa kijana wa damu moto, nafanya kazi kwa Muzee Ramazani, mupiga picha wa Kenya, ile komini ya Lubumbashi, muntu wa Maniema, mupole kama maji ya mutungi. Baba yangu alikufia Mitwaba. Muzee njo alinipokea, akanilisha. Muntu akimutukana, mi namurukia koo.

Bitambaa bya studio bilikuwa bei kali. Muzee alishonaka magunia ya unga, anapaka chokaa na bulu ya kufulia, inakuwa mbingu. Blanketi ya kijivu inakuwa ukuta ya tajiri. "Kitambaa ya nyuma," alisemaka, "kazi yake ni kunyamaza. Uso ya muntu njo iseme."

Lakini mi nilijiona nimemupita. Nilisoma mu gazeti moja ya zamani ya Kifaransa ati flash ya pili inaweka mwangaza nyuma ya muntu. Ukurasa ilikuwa imepasuka. Pale ilipopasuka, nikamalizia na akili yangu.

Basi, mvua ikaloanisha magunia yetu, na Citoyen Kalala, ni kusema raia, vile parti ilitaka tuitane, akatuma neno: anakuja. Ule alikuwa chef wa parti mu kartie, mutaa yetu, anataka picha ya kutundika mu biro yake. Blanketi nikaidharau, haipitishe mwangaza. Nikafungua malle, sanduku ya nguo ya Mama Zaina, bibi ya Muzee, bila kuomba, nikatoa kikwembe, kitenge yake. Ilikuwa ya ile balikuwa banagawia bamama ju ya kucheza ku maandamano, na sura ya Mukubwa wa inchi katikati! Nikageuza upande ya ndani, nikapaka chokaa na bulu mpaka sura ikapotea. Nikatundika. Hata sikuangalia kama kichwa iko juu ao chini.

Chef akafika, akakaa. Muzee akashika kitambaa na vidole mbili.

"Ulitoa wapi hii? Uliiangalia ku mwanga?"

"Aa, Muzee, ile mambo yako ni ya wakati ya Babeleji!"

Njo nilimujibu vile, mbele ya bantu. Chef akacheka. Muzee akaachilia kitambaa.

Flash moja mbele. Ya pili nikaificha nyuma ya kitambaa. Pa! Chef akatoka kungojea ku mulango: "Naondoka nayo leo leo!"

Ku negatif sikuona kitu, haraka ilinifunga macho. Mu chumba ya giza nikatia karatasi mu dawa. Uso ya chef ikaanza kutoka, muzuri, imenona. Kisha, juu ya bega yake, ikatoka macho. Macho ya muntu mwingine! Kisha mudomo, na mudomo iko juu ya macho. Mwanangu, ilikuwa Mukubwa wa inchi, kichwa chini, nyuma ya chef wa parti! Flash ya nyuma ilipenya kitambaa.

Damu ikawa maji. Wakati ile, muntu alikuwa anapotea ju ya neno moja ya ku pombe, na bibi yake hajui amuulize nani.

Muzee akaingia, akaona. "Ya Allah." Pale pale mulango ikagongwa: "Muzee! Iko tayari?"

Alipasua picha, akakata negatif vipande vipande, akatia yote mu makaa ya moto ya mbabula. Akatoka.

"Citoyen, unisamehe. Nimeharibu film. Ni mikono yangu."

"Mikono? Sema macho! Kipofu anafungua studio, kesho kiziwi atafungua orkestra!"

Barabara muzima ikacheka. Nikafungua mudomo nipige kelele: ni mimi! Muzee akanikanyaga muguu. "Nyamaza, mutoto. Leta blanketi."

Nikatundika blanketi, nikamusogeza chef hatua mbili mbele ya blanketi, kivuli ikaanguka chini, pale picha haifike. Flash moja tu. Picha ikatoka safi. Chef akanipiga bega: "Huyu njo fundi! Ule muzee, mumupeleke akalale."

Muzee akacheka naye. "Kweli, Citoyen. Amenipita."

Heri angenipiga kofi. Mpaka leo ile neno haijatoka mu mwili yangu.

Nilifua kikwembe mara tano, nikapiga magoti mbele ya Mama Zaina. "Na ingebaki bulu," akasema, "ningekuvalisha weye, ukacheze ku maandamano!"

Mwanangu, asiyesikia la mukuu anavunjikaka muguu, lakini mi nilivunja, Muzee njo alichechemea. Shona magunia, paka chokaa, hakuna haya mu bei ndogo. Lakini kitambaa ya muntu mwingine uiombe, na uiinue ku jua uone nini iko mu mugongo yake. Muntu umutoe mbali na kitambaa, flash ibaki mbele. Na mukubwa akikuuliza "ulitoa wapi?", jibu ile swali, usijibu umri yake.

Mungu akupe macho ya kuona mbele ya flash. Na siku utaharibu, ju utaharibu tu, akupe muntu kama Muzee Ramazani. Na kisha akufanye weye ule muntu kwa mwengine. Amina.