Koti Jeupe la Kamau wa Bucha

Aibu niliyoipata katika ukumbi wa mtaa wa Mbotela siwezi kuificha hata nikitaka, kwa sababu nusu ya mtaa ilikuwa ndani na nusu nyingine ilisimuliwa kabla jua halijatua, kwa hivyo afadhali niieleze mwenyewe, na mkicheka mcheke mkijua ukweli wote.

Nilikuwa nimemaliza kidato cha sita na nimeamua kusomea uuguzi. Baba, dereva wa lori aliyekuja Nairobi kutoka Machakos akiwa kijana, hakutaka hata kusikia. "Mwanamume mzima abebe mikojo ya watu?" aliuliza, kisha akaniarifu kwamba mjomba amenipatia ukarani na ninaanza Jumatatu. Tukabishana wiki nzima. Ikatokea kwamba kanisa letu limewaalika wanafunzi wa sekondari Jumamosi waje wasikie juu ya kazi mbalimbali, na mimi nimeombwa nizungumzie kazi za afya (sifa yangu ikiwa tu kwamba nilijitolea kwenye zahanati, nikiwapanga akina mama kwenye foleni). Baba akasema, "Nitakuja nikusikize, Musyoka. Ukinishawishi, nenda kwenye uuguzi wako. Usiponishawishi, kwa mjomba."

Sasa, mimi ni mtu ambaye akiamkiwa asubuhi hushinda mchana akiwaza kama alijibu sawasawa. Nikawaza: wanafunzi wakiniuliza mimi ni nani, nitasema nini? Nikawaza tena: Baba ataamini vipi kitu ambacho hajakiona kwa macho? Nikaamua ninachohitaji ni koti jeupe. Zahanati haiazimi makoti, lakini rafiki yangu Kamau, muuza nyama wa pale kona, alikuwa nayo mawili, na ukitazama kwa mbali, koti la bucha na la daktari ni ndugu wa tumbo moja.

"Nimelifua," Kamau alisema. "Lakini usikae nalo juani."

Nilidhani ananitania. Nikalipiga pasi ya makaa, na joto lilipoingia kwenye nyuzi, mafuta ya kila ng'ombe aliyewahi kukatwa pale yakaamka. Mtu mwenye akili angelivua. Mimi nilifikiri kwa kirefu, nikafikiri tena, kisha nikalinyunyizia poda ya dada yangu na kutoka nje, kwenye jua la saa sita.

Mbwa wa kwanza alinipata mbele ya nyumba ya jirani yetu mchonga vinyago. Nilijifanya sijamwona. Wa pili na wa tatu wakaungana naye karibu na bomba la maji, na mama mmoja aliyekuwa akichota akaniuliza bila hata kutabasamu, "Daktari, na hao wameshachukua kadi?" (Nilimjibu "Shikamoo", jambo ambalo hadi leo sijui nililisema kwa nini.)

Nilifika ukumbini, nikafunga mlango nyuma yangu, nikaanza. Mgeni wa heshima alikuwa metroni mstaafu, aliyekuwa mkuu wa wauguzi hospitalini, mama mnene mwenye miwani, ameketi mbele kabisa, na Baba nyuma yake kidogo, mikono kifuani. Nilieleza masomo ya kutilia mkazo, baiolojia na kemia, nikaeleza kwamba si lazima uwe daktari, kuna wauguzi, kuna watu wa maabara, kuna wa dawa, na nikaona Baba ameteremsha mikono. Nikapata moyo. "Kazi ya afya," nikasema, "huanza na usafi." Hapo ndipo mtu alipoona ukumbi una joto akafungua mlango.

Mbwa waliingia kama watu waliochelewa ibada. Wa mchonga vinyago akapanda jukwaani moja kwa moja, akashika pindo la koti. Ningeliachilia yangeisha, lakini lilikuwa la watu, nikavuta, naye akavuta, ukumbi ukilia kwa kicheko, mpaka akaona nguo haina faida akanishika mguu wenyewe.

Walipofukuzwa, damu ilikuwa imefika kwenye soksi. Baba akasimama. "Tumeona," akasema taratibu. "Twende nyumbani."

Hayo maneno yaliniuma kuliko meno. Lakini metroni alikuwa ameshaagiza karai, maji na sabuni, na ameshapiga magoti. "Kaa chini, kijana," akasema. Nikakaa, na sijui ujasiri ulitoka wapi, nikasikia mdomo wangu ukisema, "Sijamaliza, Baba."

Nikaendelea, mguu ndani ya karai, soksi yenye tundu imening'inia kwenye kiti. "Mnaona anachofanya? Kidonda cha mbwa kinaoshwa kwa maji mengi na sabuni, bila haraka, kisha mtu anapelekwa hospitali. Asipooshwa na asipodungwa sindano, anaweza kufa. Hiyo ndiyo kazi ninayowaambia."

"Na si hiyo ni kazi ya wanawake, buda?" kijana mmoja akapaza sauti kutoka nyuma.

"Wewe ukiumwa, na mimi peke yangu ndiye niko hapa, utaniambia nikutafutie mwanamke kwanza?"

Walicheka, lakini safari hii hawakunicheka mimi.

Tulipokaribia nyumbani, Baba akasema, "Jumatatu ni kwa mjomba wako."

"Jumatatu hospitali wanafungua chumba cha sindano, nami nadungwa."

"Basi Jumanne."

"Jumanne pia." (Siku hizo sindano za kichaa cha mbwa zilidungwa tumboni, siku baada ya siku, na kwa mara ya kwanza nilizishukuru.)

"Na zikiisha?"

"Zikiisha, Baba, naenda kuomba nafasi ya uuguzi."

Baba alipunguza mwendo, maana nilikuwa nachechemea, na asubuhi ya Jumatatu akaamka mapema kunisindikiza hospitali.

Nimehitimu mwezi uliopita, na nimepangiwa zahanati ya mtaa huu huu. Koti la kuazima sitavaa tena, hata mnialike harusi. Ila kuna watu hapa Mbotela ambao wananiita Daktari wa Mbwa mpaka sasa, wakubwa kwa wadogo, na mimi huwaitikia, nikawaambia wakunje mikono ya shati.