Jumapili Nne za Kupakatwa

Dada yangu alikuwa fundi cherehani siku sita za wiki, na ya saba alikuwa mwalimu wa watoto kanisani. Kazi zote mbili alizifanya kwa namna moja: alipima, akakata, akashona, na mshono ukipinda alifumua akaanza upya. Mimi nafua mashuka ya hospitali. Kwangu mimi mshono ukipinda, unapita hivyohivyo. Tuliishi nyumba moja tangu waume zetu walipotutoka, wake akaenda kaburini, wangu kwa mwanamke mwingine. Humo ndani tulimlea mjukuu wake wa miaka sita, ambaye mama yake anafanya kazi mbali na hurudi mara mbili kwa mwaka. Tulimwita Sindano. Alikuwa mwembamba, na ulimi wake ulichoma.

Darasa la watoto lilikuwa chumba cha nyuma ya kanisa, kilekile wanamoweka mafagio na mabenchi yaliyovunjika. Kila Kwaresima Dada alikitengeneza kwa mabaki ya vitambaa vya wateja: zambarau juu ya meza ndogo, msalaba wa vijiti viwili, mshumaa mmoja. Kila mtoto alipewa karatasi yenye visanduku arobaini akaibandike nyumbani, apake rangi kimoja kila siku mpaka Pasaka.

Mimi nilikuwa nikimcheka. "Mtoto wa miaka sita afunge nini, Dada? Pumzi?"

"Samaki mkunje angali mbichi," alinijibu, mkasi mkononi. "Wewe ulishakauka, ndiyo maana hukunjiki."

Mwaka ule nilienda kumsaidia, na si kwa kupenda. Mwezi mmoja kabla, daktari alituita akasema uvimbe wa tumboni mwa Dada umeshasambaa, hakuna tena cha kukata. Nilipouliza kama Dada ataiona Pasaka, aliangalia kalamu yake. Tulipotoka nje Dada aliniapisha nisimwambie mtu, na zaidi ya wote nisimwambie Sindano.

Jumatano ya Majivu watoto walikuja na alama zao nyeusi kwenye paji la uso, wakawa wanachekana. Dada aliwasha mshumaa, wakatulia. Waliimba polepole, wakasali, kisha akawagawia karatasi zilizokatwa kama majani. Pembeni kulikuwa na tawi kavu alilolisimamisha ndani ya kopo la mchanga.

"Mtachora kitu mnachokipenda kabisa," aliwaambia. "Mtamwachia Mungu siku hizi zote. Pasaka ikifika mtakipokea tena, na mtakifurahia kuliko mwanzo. Kwa sasa tawi litavaa majani yenu."

Mmoja alichora pipi. Mwingine alichora soda. Mvulana mwenye mashavu alimchora mdogo wake analia, akaeleza kwamba ataacha kumpiga.

"Na Pasaka ikifika?" Dada alimuuliza.

"Nitaendelea, Mwalimu."

Tulicheka mpaka Dada akajishika tumbo. Kisha akachukua karatasi ya Sindano. Ilikuwa na kitu kipana chenye maua mekundu, na chini yake miguu miwili.

"Hii ni meza?"

"Ni mapaja yako, Bibi. Naacha kupakatwa."

Kila jioni, cherehani ikishafunikwa, mtoto yule alipanda mapajani kwa bibi yake na kumsimulia siku nzima, nani kapigana na nani shuleni, nani kalia. Hiyo ndiyo ilikuwa saa yao. Dada alilifunga lile jani kwenye tawi kwa uzi, kama alivyofunga ya wengine.

Jioni ile Sindano alivuta kigoda akakaa mbali kidogo, mikono ameikalia. Alisimulia yote akiwa kule kule. Alipomaliza alipaka kisanduku cha kwanza rangi, akaenda kulala.

Nilimfuata Dada jikoni. "Mwambie unaumwa."

"Nimtie hofu ili anikumbatie?"

"Basi mwambie achague kitu kingine. Pipi. Chochote!"

"Watu wazima wanaacha sukari kwa sababu ya vitambi vyao," alisema. "Huyu ametoa kitu anachokipenda kweli, tena bila kulazimishwa. Nikamwambie nilikuwa natania?"

Nilimwita mkaidi, nikamwita na mengine ambayo leo yananiuma. Yeye aliendelea kuosha vikombe. Jumapili ya kwanza ikapita, Sindano yuko kwenye kigoda.

Wiki iliyofuata mori ulinipanda. Nilimfuata padri ofisini, hata hodi sikupiga. Nilimwaga siri yote, kiapo na kila kitu, nikamuuliza ni dini gani hii inayomnyima mgonjwa mjukuu wake. Padri alishusha kalenda ukutani, akahesabu na mimi kwa kidole. Kutoka Jumatano ya Majivu mpaka Jumamosi Kuu ni siku arobaini na sita.

"Jumapili hazimo," alisema. "Kila Jumapili ni Pasaka ndogo, hatufungi. Mwalimu analijua hilo kuliko mimi."

Nilirudi nyumbani mbio. Dada alikuwa akishona sare ya shule.

"Ulijua kuhusu Jumapili?"

Hakuinua macho. "Nilijua. Wadogo huwa siwachanganyi na hesabu. Na mwaka huu nikiisema, nitakuwa naisema kwa ajili yangu."

"Basi nitaisema mimi. Mimi sina utakatifu wa kuharibu."

Jumapili ya pili nilisimama mbele ya watoto, nikawaeleza kwamba leo hakuna kufunga. Mpenda soda alishangilia. Sindano alinitazama kwa mashaka, na alikuwa na haki yake, maana nimemtania mara nyingi. Akamgeukia Dada.

"Ni kweli, Bibi?"

Dada aliitikia kwa kichwa. Mtoto alipita katikati ya wenzake, akainyoosha sketi ya bibi yake, akapanda. Niliona uso wa Dada ukikunjamana kwa maumivu, nikanyoosha mkono nimshushe Sindano. Dada alinipa jicho, mkono ukarudi wenyewe.

Walipata Jumapili nne. Ya pili na ya tatu walikuwa darasani. Ya nne ilikuwa nyumbani, kwenye kiti chenye mto. Ya tano Dada alikaa kitandani ameegemea ukuta, miguu ameinyoosha, na Sindano alijibana asiwe mzito. Hakuna aliyemwambia, lakini alijibana. Siku nyingine zote alikuwa kwenye kigoda. Sijawahi kuichukia Jumatatu kama zile.

Dada alifariki Alhamisi iliyofuata, mchana, mtoto akiwa shuleni.

Jumamosi mwili uliletwa nyumbani, jeneza likawekwa sebuleni, watu wakapita kuaga. Nilikuwa nimejikaza kisabuni tangu asubuhi. Sindano alisimama mlangoni, hasogei. Wanawake walisema mwacheni, anaogopa. Mimi nilimjua, hakuwa anaogopa. Nilichuchumaa mbele yake.

"Nenda kwa Bibi, mama. Mguse."

"Leo si Jumapili."

"Ni Jumapili," nikasema. Nilidanganya mchana kweupe, na marehemu ananisikia.

"Jana nimepaka Ijumaa," alijibu. "Kesho ndiyo Jumapili. Waambie wangoje kesho."

Kaburi lilikuwa limeshachimbwa. Watu walikuwa wametoka mbali, mama yake mtoto akiwa mmoja wao. Nilimwambia leo ameruhusiwa, hata Mungu hatakasirika. Akanijibu, "Bibi hajasema." Kifuniko kikafungwa, na yeye bado amesimama pale mlangoni.

Kesho yake ilikuwa Jumapili ya Matawi. Misa ilipokwisha alinivuta mkono mpaka makaburini. Aliuangalia udongo, akausawazisha kidogo kwa viganja, kisha akapanda akakaa juu yake, miguu ameikunja. Wanawake wawili waliokuwa wakipita walipiga kelele kwamba mtoto anakalia kaburi. Niliwaambia waende zao, na sikuwaambia kwa upole.

Alimsimulia mazishi yote, nani alilia, nani alijifanya kulia. Mimi nilisimama pembeni nikijifuta uso, nikiifikiria ile Jumapili ya kwanza iliyopotea kwa ugomvi wetu.

"Bibi Mdogo," aliniita alipomaliza. "Wiki ijayo ni Pasaka, si ndiyo?"

"Ndiyo."

"Basi mfungo ukiisha nitakuwa nakuja kumkalia kila siku."

Nilimwambia aje.