Kikohozi cha Jumamosi

Shangazi yangu alifanya kazi miaka ishirini na sita kwenye kituo cha utafiti wa mazao, na kazi yake ukiitaja mbele za watu waliangua kicheko: kuhesabu magugu. Watafiti walitafuta namna ya kuyazuia bila sumu. Yeye aliyapanda kwenye trei, akayafunika kwa majani makavu, na baada ya wiki sita akafunua na kuhesabu. Nilipokuwa mwanafunzi alinipeleka kuona. Chini ya majani palikuwa patupu, nikamwambia yamekufa yote. Akaisogeza trei dirishani.

"Njoo Jumatatu," alisema.

Jumatatu trei ilikuwa kijani tupu.

"Hayakufa, mwanangu. Yalinyimwa mwanga tu. Ukiona kimya, usikimbilie kuandika sifuri."

Figo za baba, kaka yake, zilipogoma zote mbili, shangazi alitoa moja ya kwake kabla hata hajaombwa. Upasuaji ulikwenda vizuri. Lakini kinga ya mwili haijui undugu. Ya baba iliiona figo ile kama mvamizi, kwa hiyo kila siku alimeza dawa za kuishusha, na angezimeza maisha yake yote.

"Nimewanyang'anya walinzi wangu marungu," alitutania. "Sasa ninyi lindeni mlango."

Aliyeulinda ni mama. Kila mgeni alinawa kwa sabuni, akavaa barakoa, akajibu kama ana mafua au kikohozi. Mwenye navyo alimsalimia baba kupitia dirisha, hata awe nani. Mkuu wake wa kazi aliwahi kusimama juani nusu saa nzima, na tai yake shingoni.

Shangazi alikuja kila Jumamosi saa nne. Walicheza drafti, wakaibiana kete waziwazi na kugombana kama watoto. Sijawahi kumwona baba akifurahi vile na mtu mwingine, sisi wanawe tukiwemo, na niliwaonea wivu kidogo.

Jumamosi ile shangazi alikuwa na siku ya tatu ya kukohoa. Alijiambia ni vumbi la majani ya kazini, kama kila mwaka. Hakutaka kusimama dirishani. Alipitia duka la dawa, akanunua chupa ya dawa ya kutuliza kikohozi, akanywa vijiko viwili palepale kwenye benchi, akasubiri mpaka kifua kikanyamaza.

"Wifi, huna kikohozi?" mama alimuuliza mlangoni.

"Mzima, wifi. Kwani umenisikia nikikohoa?"

Hakukohoa kwa saa mbili. Alishusha barakoa anywe chai, akaisahau kidevuni, na baba alicheka mpaka akafuta machozi.

Alhamisi baba alipata homa. Ijumaa alilazwa, mapafu yamejaa. Madaktari walipunguza zile dawa zake ili kinga iamke, lakini ilichelewa. Siku ya kumi na moja hospitalini, asubuhi, alifariki. Figo ya shangazi ilifanya kazi mpaka mwisho. Daktari alitueleza hivyo akidhani anatufariji.

Alisema pia kwamba ugonjwa ule ungeweza kutoka popote. Shangazi hakuitaka huruma hiyo.

Baada ya mazishi, waombolezaji walipotawanyika, alimfuata mama jikoni. Mimi nilikuwa nakausha vikombe. Alieleza yote bila kulia: chupa, vijiko, benchi.

"Mimi, wifi. Mimi ninayejua kwamba kilichonyamaza hakijafa."

Mama aliendelea kusugua sufuria. Nilidhani atamfukuza, na nikiri kwamba nilitamani amfukuze.

"Nilijua," mama alisema. "Ulipoinama kuvua viatu niliisikia harufu ya dawa. Nikataka kukuambia urudi dirishani. Maneno yakanifika hapa." Akagusa koo lake kwa mkono wenye povu. "Nikayameza. Ningeanzaje kumfungia mlango mwenye figo?"

Shangazi akakaa sakafuni, mgongo ukiegemea kabati. Alijikaza, lakini kifua kilimshinda, akakohoa kwa mara ya kwanza ndani ya nyumba ile. Alikohoa kwa muda mrefu, na hakuna aliyemwambia atoke nje.