Rimoti Niliyoizima Kabla ya Kumkimbilia Mjomba

Niliangusha ndege kwenye kompyuta, na mtu akalia chumba cha pili.

Najua inavyosikika. Hata mimi kwa sekunde moja nilidhani ni sauti ya programu.

Alikuwa mjomba wangu.

Ngoja nieleze. Kazi yangu ni kurusha vindege visivyo na rubani, vile vya kupiga picha mashamba kutoka juu. Mjomba, kaka yake mama, ndiye fundi wetu. Ndiye aliyeniombea kazi kwenye kampuni, na kila ndege niliyowahi kurusha imepita mikononi mwake.

Mchana huo mvua ilikuwa inanyesha, hakuna kuruka. Nikaona nisikae bure, nikachomeka rimoti yangu kwenye kompyuta nifanye mazoezi. Unashika rimoti ileile ya kazini, ila ndege inaruka kwenye kioo tu. Ukiiangusha, unabonyeza kitufe, unaanza upya. Raha mustarehe.

Ila kuna sharti. Kabla ya kuanza, zima mawimbi ya rimoti, maana kuichomeka kwenye kompyuta hakuizuii kuongea na ndege ya kweli. Na hakikisha hakuna ndege yenye betri karibu.

Wafanyakazi wapya nawafundisha hilo mimi. Mimi mwenyewe.

Siku hiyo sikuzima. Hata karakana, chumba cha pili, sikuchungulia. Nikasukuma kijiti cha kasi hadi mwisho.

Nyuma ya ukuta, mjomba alikuwa amechomeka betri kwenye ndege ninayoirusha kwa rimoti hiyo, anakagua kamera. Propela ikaamka mkono wake ukiwa palepale.

Sasa aibu yangu iko hapa, na naomba usiharakishe kunitetea.

Niliposikia kile kilio nilielewa papo hapo. Na sikukimbia. Nilizima rimoti kwanza. Nikachomoa waya. Nikaitia mkobani, nikafunga zipu.

Ndipo nikakimbia.

Nilimkuta sakafuni, kauviringisha mkono kwenye shati, damu inachuruzika hadi kwenye kiwiko.

"Mjomba, imekuwaje?" Nikauliza hivyo, bila haya.

"Sijui, mwanangu. Nadhani nimegusa waya. Samahani, nimekushtua."

Yeye ndiye aliyeniomba samahani mimi.

Hospitali walimshona vidole viwili. Kimoja hakikukunjika tena sawasawa. Meneja akaja na fomu ya ajali, akauliza nilikuwa wapi.

"Kwenye kompyuta," nikasema. Eti si uongo. Nikajikausha.

Wiki tano zikapita. Nilikuwa nampelekea chakula, namfunga vifungo vya shati. Mama akipiga simu ananimwagia sifa: "Mjomba wako anasema bila wewe angeteseka." Nilikuwa nakata simu mapema, nasingizia mtandao.

Jumatatu moja nikamkuta karakana anatia bisibisi zake kwenye sanduku, mojamoja, kwa mkono wa kushoto.

"Unazipeleka wapi?"

"Nyumbani. Nimeshamwambia meneja naacha."

"Kwa ajili ya vidole?"

"Vidole vitazoea. Ninachokiogopa ni kichwa. Nimeirudia siku ile mara mia, sioni ni waya gani niliogusa. Fundi asiyejua mkono wake ulikuwa wapi, ipo siku ataumiza mtu. Na anayeshika ndege zangu ni wewe."

Nikasema yote. Mawimbi, kijiti, mkoba. Hiyo zipu ndiyo niliyoisema mwisho.

Hakupandisha sauti. Alikaa juu ya sanduku akanitazama.

"Kwa hiyo sikugusa waya."

"Hukugusa, mjomba."

"Wiki tano najipima. Najaza glasi ya maji, naishika, naangalia kama mkono unatetemeka." Akaangalia vidole vilivyoshonwa. "Nilipaswa kuvua propela kabla ya kuchomeka betri. Hilo ni langu, nitalibeba. Lakini lako nalo ulinibebesha, ukaja kunifunga vifungo."

Akainuka kutoka kwenye sanduku.

"Twende kwa meneja," akasema. "Na utaongea wewe."

Niliongea. Nikaondolewa kwenye kurusha kwa miezi mitatu, nikapewa kufagia karakana na kuchaji betri. Mjomba alirudisha bisibisi zake ukutani siku hiyohiyo. Salamu tunapeana. Mazungumzo ya zamani bado.

Wewe unayefanya mazoezi kwenye kompyuta: zima mawimbi, chomoa betri ya ndege, vua propela. Inachukua dakika moja.

Na ukikosea, sema kabla jua halijazama. Kosa ulilolificha halipotei. Linakwenda kukaa kwa mtu asiye na hatia, naye ataamini kabisa kwamba ni lake.