Mgeni Ndiye Anaanza

Mimi ni mtu nisiyetulia, na kazi imenizidishia. Nafuatilia magonjwa ya mlipuko. Muuguzi wa zahanati yoyote akinipigia simu kwamba watu wawili wanaharisha kwa namna moja, naacha chakula mezani naondoka. Mama yangu, kule kijijini Shinyanga, alishazoea kunifunikia sahani. Hudai kwamba nilizaliwa safarini, jambo ambalo si kweli. Nilizaliwa kitandani kwake, tena baada ya kumsubirisha siku mbili.

Simu ninayoikumbuka kuliko zote ilitoka zahanati ndogo karibu na machimbo ya wachimbaji wadogo, upande wa Nyarugusu. Aliyepiga alikuwa muuguzi mmoja mtu mzima, mtaratibu kiasi cha kunitia wazimu.

"Daktari, nina wachimbaji wawili hapa," alisema. "Wanaharisha maji kama yaliyooshewa mchele. Wote wa duara moja."

Mimi si daktari, lakini huku kila anayebeba daftari la afya ni daktari. Na duara ni shimo la kuchimbia dhahabu, pamoja na watu wake. Saa tano asubuhi nilikuwa nimeshafika. Wagonjwa walikuwa wametundikiwa dripu, macho yameingia ndani, na kipimo cha haraka kilionyesha nilichokihofia: kipindupindu. Nilifunga sampuli ziende maabara, kisha nikaenda kuwatafuta wenzao.

Kwenye mdomo wa duara mwanamke hasogei, wanasema dhahabu hukimbia. Kwa hiyo nilikaa kwenye kibanda cha mama lishe nikiwasubiri wapande kula. Walikuwa tisa kwenye duara lile. Wawili walikuwa zahanati, wengine wakaja wakiwa weupe kwa vumbi la mawe. Huko watu wa duara moja hula sinia moja. Anayejitenga na sahani yake hushukiwa kwamba anaficha mawe ya dhahabu.

Kabla ya ugali likaja beseni la kunawa. Msimamizi wa duara, mzee mwenye heshima zake, alilileta kwangu kwanza kwa sababu nilikuwa mgeni. Nilinawa. Akafuata yeye, kisha aliyemfuata kwa ukongwe, mpaka kwa aliyeingia duarani karibuni. Beseni lile lile na maji yale yale. Nililitazama likizunguka huku nikiuliza nani anachota maji wapi, na sikuona kitu. Hata kwetu tumekua hivyo.

Akili yangu ilikuwa kisimani. Kilikuwa kisima kimoja, hakina mfuniko, nacho kiko kwenye mteremko, chini ya choo. Nani angehitaji ushahidi zaidi? Mchana wote nilihangaika na kisima hicho: vidonge vya kutibu maji, ndoo, mabishano na wenye pampu. Muuguzi alinifuata kule na orodha yangu ya watu wa duara mkononi.

"Daktari, huku kuna mmoja hayupo. Ameondoka leo asubuhi kwenda kwao Runzewe. Mke wake amejifungua. Simu yake haipatikani."

"Kesho tutamtafuta," nilisema, wala sikuinua kichwa.

Wanasema haraka haraka haina baraka. Mimi nilikuwa na haraka kila mahali isipokuwa palipotakiwa.

Asubuhi yake wagonjwa walikuwa wanne, wote wa duara lile lile. Maduara mawili ya jirani yalichota kisima hicho hicho na hakuna aliyeumwa hata tumbo. Nilizungukazunguka uani pa zahanati mpaka muuguzi akaniomba nikae, nikamjibu vibaya. Kisima kingekuwa na kosa, kingechagua watu?

Nikamrudia msimamizi. Nilimwomba anieleze siku yao ilivyo, hatua kwa hatua, nani anafanya nini.

"Ni taratibu tu," alisema. "Aliyeingia duarani mwisho ndiye anatangulia kushuka. Kwenye kunawa ndiye anamalizia."

Niliandika majina yao kwa mpangilio wa kunawa. Wawili wa kwanza kuugua walikuwa wa mwisho kabisa. Wawili wa asubuhi ile walikuwa wa nne na wa tano kutoka mwisho. Waliotangulia kunawa walikuwa wazima. Maji yale yaliongezeka uchafu kila yalipopita mkono, na mimi sikuyaona kwa sababu popote niendapo ni mgeni, na mgeni hunawa maji safi.

Kisha nikaona pengo. Wa tatu kutoka mwisho ndiye aliyekwenda Runzewe.

Ilikuwa saa nne asubuhi. Machimboni yule bwana alikuwa wa mwisho mwisho. Lakini nyumbani kwao ni mtoto aliyerudi kutoka mbali, ameongeza ukoo. Huko beseni litapelekwa kwake kwanza. Atatumbukiza mikono yake, kisha watafuata wote.

Nilipiga simu kituo cha afya cha kule, nikapanda pikipiki ya ofisi. Njia nzima nilijisemesha. Vumbi lilinijaa mdomoni na sikusimama hata kunywa maji.

Mhudumu wa afya wa kijiji, aliyekuwa ameupata ujumbe muda huo tu, alinipokea barabarani akanipeleka hadi kwenye boma lao. Tulifika wakati wa chakula. Chini ya kivuli cha nyumba walikaa baba, mama na mtoto wao mchimbaji, na beseni lilikuwa katikati. Mchimbaji alikuwa anajifuta mikono. Mikono ya mama ilikuwa ndani ya maji.

Sikusalimu. Nilinyakua beseni nikamwaga maji chini.

Tendo lile bado linaniaibisha. Ndipo nikapiga goti nikasema, "Shikamoo baba. Shikamoo mama."

"Marahaba," alijibu mzee polepole. "Mgeni njoo mwenyeji apone, tunasema. Wewe unamwaga maji ya watu."

Niliwaeleza. Mchimbaji aliinamisha kichwa. Alikiri kwamba tumbo lilimsumbua tangu alipopanda gari, akadhani ni safari. Jana jioni walikula pamoja, na alinawa wa kwanza. Mke wake hakula nao, kwa kuwa alikuwa bado ndani na mtoto mchanga, ana bakuli lake, ana maji yake ya moto, na hakuna anayeyagusa. Nilishukuru mila hiyo kwa sauti. Mama mtu alicheka, akasema kumbe daktari naye ana mambo ya kizee.

Niliwaachia dawa ya chumvichumvi ya kuchanganya na maji, sabuni na jagi la kumiminia maji ya kunawa. Nilimwambia kila mmoja wao: tumbo likilegea hata mara moja, sema. Mhudumu wa afya angepita asubuhi na jioni. Mchimbaji tuliondoka naye kwenda kituoni, na dripu tatu zikamsimamisha.

Mhudumu alipita jioni ile, mama akasema ni mzima. Asubuhi akasema ni mzima. Angemwambiaje mtu mwenye umri wa mjukuu wake, mbele ya mkwe, kwamba anaharisha? Alikwenda msalani mara ngapi hatujui. Walipomkuta ameanguka njiani kwenda huko, mishipa ilikuwa imeshajificha, sindano haikupata pa kuingia. Alifariki kabla ya saa sita mchana.

Tulimzika kwa masharti yetu, mimi nikisimamia: glavu, klorini, hakuna kuosha mwili, hakuna kula msibani. Majirani walinichukia, na sikuwalaumu. Mkwe alisimama mlangoni na mtoto kifuani, wote wawili wazima.

Tulipomaliza, mchimbaji alinijia na lile jagi nililowaachia. Alikuwa amekonda, suruali inamvuka.

"Daktari," alisema, "kule duarani mimi nanawa karibu na mwisho. Hapa nyumbani kama ningenawa baada ya mama..."

Ningeweza kumwambia ni mapenzi ya Mungu, maneno hayo yalikuwa mdomoni.

"Siku uliyoondoka niliambiwa habari zako mchana," nilisema. "Ningepiga simu kituo cha hapa, wangekukuta kabla ya chakula cha jioni. Nilisema kesho."

Nilitaka kuondoka, nilitaka apige kelele, nilitaka simu yangu ilie. Baba yake alikuwa amekaa hatua chache kutoka kwetu, amesikia yote.

Mchimbaji akainamisha jagi.

"Nyoosha mikono," alisema. "Mgeni ndiye anaanza."