Kipa Wetu Hatokuwepo Kinyerezi

Mie mpira siujui, nisiwadanganye. Mpaka leo ukiniuliza kuotea ni nini, nitakuambia ni kile kitu kinachowafanya wanaume wazima na akili zao wamtukane mtu aliyeshika kibendera. Lakini uchambuzi naupenda. Mwanangu wa pekee alipochukuliwa kuwa kipa wa timu ya chuo chake huko Temeke, nikajikuta kila Alhamisi mchana, pale ofisini kwetu Kurasini, naweka spika masikioni, makaratasi ya makontena nayaacha yasubiri, nasikiliza uchambuzi wa mechi ya Jumamosi.

Mchambuzi mwenyewe alikuwa mwanafunzi wa chuo hicho hicho. Anajirekodi kwenye simu, halafu sauti inarushwa kwenye kundi la wazazi na wapenzi wa timu. Kijana ana mdomo huyo! Anaiga watangazaji wa redio, anavuta pumzi panapostahili, anashusha sauti kama anakuambia siri ya ndoa ya mtu. Anakueleza uwanja wa wenyeji umeinama upande gani, beki gani ana hasira za karibu, refa ni wa kuchekacheka au wa kununa. Akifika kwa kipa anasema yule mtoto kapakwa gundi mikononi. Hapo mie narudisha nyuma, nasikiliza tena, kisha namsikilizisha na bosi.

Bosi wangu ni Mhindi wa Kishia, mtu wa makamo, mpole mpaka unamwonea huruma akidai haki yake. Kazi ya kutoa mizigo bandarini kairithi kwa baba yake. Mpira naye haujui, lakini alikuwa ananitania, "Dada, huyu mtoto wako lini atafungwa, tupumzike?" Namjibu, "Bosi, wewe subiri mizigo yako, mwanangu hafungwi."

Alhamisi ninayoisema, mechi ilikuwa ya Kinyerezi, ugenini. Ligi ya vyuo ya kanda yetu ilikuwa inaelekea ukingoni, na sie tulihitaji sare tu tuvuke kwenda hatua ya mbele. Mchambuzi akaanza kwa madaha yake. "Wapenzi wa soka, Kinyerezi siyo mahali pa kwenda na mikono mfukoni." Akasema uwanja wao una mchanga upande wa kushoto, mpira ukifika pale unakufa. Akasema wana winga mfupi, mbio zake kama kaiba kuku wa watu, na kwamba wenyeji huanza kwa mipira ya juu ili kumtisha kipa. Kisha akashusha sauti. "Na hapa sasa niseme kwa masikitiko. Kipa wetu hatokuwepo Kinyerezi. Hali yake siyo nzuri. Kila mmoja kwa imani yake, jamani, tumwombee."

Nikarudisha nyuma. Tumwombee? Mtu mwenye mafua haombewi na imani zote. Nikampigia mwanangu, simu haipatikani. Nikajiambia tulia mama, wako kambini, na timu ikiingia kambini simu za wachezaji zinakusanywa. Lakini sikutulia. Nikampigia mwalimu mlezi wa timu, kijana mstaarabu ambaye siku zote hupokea kwa bashasha.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba. Mwanangu ana nini?"

Nyuma yake nasikia viti vinasogezwa, watu wazima wanaongea kwa sauti ya chini.

"Mama, hilo siyo la kuongea kwenye simu."

"Mwalimu, niambie tu, ni mzima?"

"Wewe njoo tu, mama. Njoo chuoni tutaongea. Ila uje taratibu."

Akakata.

Kwetu huku kifo hakisemwi kwenye simu. Unaambiwa mtu anaumwa, unaambiwa hali imebadilika kidogo, unaambiwa njoo anakuulizia. Baba yangu alipofariki, dada yangu alinipigia kutoka Njombe akasema mzee ana homa, njoo umwone. Nikapanda basi, na njiani nikamnunulia machungwa kwa sababu alikuwa anayapenda sana. Nashuka na mfuko wangu, nakuta watu wamekaa chini nje ya nyumba, na dada akaja akaupokea ule mfuko kabla hajanishika mie. Kwa hiyo "njoo tu" naielewa. Na hilo la "uje taratibu" ndilo lililonimaliza kabisa, maana taratibu ya nini kama mtu yupo hai?

Sijui nilipiga kelele gani. Najua tu kwamba bosi alitoka chumbani kwake na kalamu mkononi, akanisikiliza maneno matatu, akamwacha mteja amekaa na risiti zake, akachukua funguo za gari. "Twende, dada." Kabla hatujaondoka nikampigia jirani yangu wa Tabata, mwenzangu wa jumuiya ya kanisani, nikamwambia, "Mwanangu. Wameniambia njoo tu." Hakuuliza swali hata moja. Alisema, "Yesu na Maria!" na simu ikakatika.

Kutoka pale kwetu mpaka Temeke si mbali, ila mchana ule malori ya makontena yalikuwa yameziba njia, moja limekata kona vibaya, mengine yanapiga honi tu. Bosi akasubiri, akasubiri, kisha yule mtu mpole akafungua mlango, akasimama katikati ya vumbi, akapaza sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake. "Jamani tupisheni! Tuna msiba! Tuna msiba humu!" Dereva mmoja akavua kofia. Wakarudisha malori nyuma, wakaelekezana kwa mikono, njia ikafunguka. Ukisema msiba, Dar nzima itakupisha.

Lakini lile neno mie nilikuwa bado sijalitamka. Kulisikia kwa mdomo wa mtu mwingine ndiyo ikawa kweli. Nikajifunika mtandio usoni nikalia kwa sauti bila kumwonea bosi aibu. Nilimlilia mtoto kwa kila kitu, hata kwa upuuzi. Nilimlilia kwa taa ya chooni anayoiacha inawaka kila siku, kwa soksi zake za mpira zinazonuka mpaka sebuleni, kwa ule wali wa Jumapili aliosema hauna chumvi na mie nikamwambia akapike wake. Wahenga walisema uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Siku ile niliujua, na sitamani kuujua tena.

Mwalimu alikuja mbio kutupokea getini. "Pole na safari, mama. Twende huku nyuma."

"Yuko wapi? Mmempeleka wapi?"

"Yuko nyuma, mama. Tumemficha."

"Mmemficha!" Bosi akanishika mkono. Tukapita madarasa, tukapita bwalo la chakula lenye harufu ya maharage, miguu inaenda yenyewe. Nyuma ya bwalo kuna kiwanja kidogo. Na golini, amejaa vumbi, amevaa glovu, anamkaripia beki mpaka mishipa ya shingo imemsimama, mwanangu.

Akaniona. "Mama? Shikamoo. Umefuata nini huku? Leo siyo siku ya kutembelewa."

Nilikaa chini pale pale, na sketi yangu ya ofisini. Alipokuja kuniinua nikamshika kichwa, masikio, mabega, nikamvua glovu nikamkagua vidole kama siku aliyozaliwa. Wenzake wanacheka kwa kificho. Nilipohakikisha kila kitu kipo mahali pake, nikavua ndala nikamchapa nayo mgongoni, kisha nikamkumbatia, kisha nikamchapa tena. Furaha niliyokuwa nayo haikujua ikae wapi.

Kumbe kocha alitaka kuficha silaha. Ndivyo timu zetu zinavyofanya zikienda ugenini: tangaza mchezaji mgonjwa, wapinzani wajipange vingine, siku ya mechi wamwone huyoo anatoka kuvaa jezi. Alimwagiza mchambuzi aseme kipa kateguka kidole, basi. Yule kijana akaona kidole hakina utamu. Akaongeza chumvi, na pilipili juu. Na mwalimu, wakati nampigia, alikuwa kwenye kikao cha maandalizi ya mechi, ameketi uso kwa uso na mlezi wa timu ya Kinyerezi. Angesemaje mbele ya mtu yule kwamba kipa ni mzima wa afya?

"Si ungesema 'mama, usijali'!" nikamfokea.

"Mama," akasema kwa adabu zote, "ningekuambia usijali, si ndiyo ungezimia kabisa?"

Ni kweli ningezimia. Bosi alikuwa amevua miwani anaifuta, na macho nayo anayafuta. "Dada, nisamehe," akasema, "nimetangaza msiba barabara nzima." Tukacheka mpaka nikashika mbavu. Kocha akatumia nafasi hiyo hiyo kuniomba: siri ile niitunze mpaka Jumamosi, mtu yeyote asijue. Nikaapa. Kwa jinsi nilivyojisikia wakati ule, angeniomba niapie kwamba nitacheza namba tisa, ningeapa.

Bosi akanipeleka mpaka Tabata. Tulipokata kona ya kuingia kwetu nikaona makochi yangu yapo nje, juani. Yote, na meza ya kioo. Sebuleni wameshatandika mikeka. Wamama wa jumuiya wamejifunga kanga viunoni, sufuria kubwa ya chai inachemka uani, wanaume wamekaa kwenye viti vya plastiki wameinamisha vichwa. Jirani yangu akaja amenifungulia mikono, sauti imeshamkauka. Mie naye tukakumbatiana, na watu wote wakaanza kulia upya.

Nilikuwa nimeapa, jamani. Nikasimama pale mlangoni nawatazama. Kulikuwa na bibi mmoja wa mtaa wetu ambaye mguu wake una uvimbe, hata kanisani siku hizi haendi, padri humfuata nyumbani. Alikuwa amekaa kwenye mkeka wangu, mguu ameunyoosha, anamlilia mtoto asiye wake. Sijui nani alimfikisha pale. Ningemwambia nini? Kwamba ni kidole? Aendelee kulia mpaka Jumamosi kwa ajili ya sare?

"Mzima!" nikapiga ukelele. "Mwanangu mzima! Walikuwa wanamficha tu, Jumamosi anakaa golini!"

Kwanza walidhani nimechanganyikiwa. Wawili wakanishika wanikalishe. Ilibidi bosi aingie na viatu vyake mkononi, athibitishe kwamba kamwona kipa kwa macho yake, na kwamba kachapwa ndala. Hapo nyumba ikalipuka. Bibi yule akasema, "Basi hiyo chai inyweni, na mimi nikatieni mkate," na makochi yakarudi ndani na wale wale waliokuwa wanaomboleza, sasa wanagombana lipi lilikuwa wapi.

Katika umati ule, ungekosaje mtu mwenye ndugu Kinyerezi? Kabla jua halijazama, mchambuzi wao naye akatoa uchambuzi wake, na sauti ikafika mpaka kwenye kundi letu. "Wapenzi wa soka, taarifa tuliyoipata hivi punde: kipa wa wapinzani wetu amefufuka. Vijana, jipangeni." Kocha hakunijibu salamu kwa siku kadhaa. Sikumlaumu, wala sikujuta.

Jumamosi tulikwenda kundi zima. Wamama wa jumuiya walisema wameshamlilia, kwa hiyo lazima wamwone. Mechi iliisha sare ya moja kwa moja, tukavuka, nasema mapema ili msinisumbue kwa maswali. Ninachotaka kusimulia ni lile goli lao.

Mipira ya juu mwanangu aliidaka yote. Lakini yule winga mfupi akaja upande wa mchanga, na kinyume na uchambuzi, mpira haukufa. Mwanangu akatoka, akajirusha miguuni pake, wakagongana kwa kishindo tulichokisikia hadi pembeni tulikosimama. Mpira ukajiviringisha taratibu ukaingia wavuni. Wenyeji wakarukaruka. Yeye kalala kifudifudi, hatingishiki. Sikutazama wavu. Sikutazama refa. Nilitazama mgongo ule wa jezi.

Kisha akaweka kiganja chini. Akainuka kwa magoti, akatema mchanga, akajipangusa bukta, akaanza kuwafokea mabeki wake kwa hasira zote alizojaliwa.

Nikapiga kigelegele. Kirefu, cha harusi. Wenyeji wakageuka wakanipungia mikono wakidhani mie ni wa kwao. Jirani yangu akanivuta kanga, uso umemwiva kwa aibu. "Mama wee, tumefungwa sisi!"

"Najua," nikamwambia, nikapiga kingine.