Ghorofa ya Juu Pale Daraja Mbili

Mume wangu alipostaafu ualimu tulinunua nyumba ya kupangisha karibu na soko la Daraja Mbili. Ilikuwa na vyumba vinne chini, vinne juu, na ngazi moja nyembamba ya nje. Aliyetuuzia alituhakikishia kwamba kaunti iliipitisha. Kweli iliipitisha, lakini sehemu ya chini tu. Ghorofa ya juu iliongezwa baadaye, kimyakimya.

Tuliyajua hayo injinia wa kaunti alipokuja kukagua, nyumba ikiwa yetu tayari. Aligonga nguzo kwa nyundo, saruji ikamwagika kama unga, na nondo za ndani zilikuwa zimeliwa na kutu. Alisema kwa upole kwamba msingi ule haukuchimbwa kubeba ghorofa, na moto ukizuka, watu wa juu hawataweza kushuka wote kwa ngazi ile. Juu kubomolewe, la sivyo nyumba nzima ifungwe.

Wapangaji watatu wa juu walihama bila maneno mengi. Wa nne alikuwa mama mzee aliyeuza ndizi sokoni. Mwanawe wa pekee alikwenda kufanya kazi Uarabuni, simu zikakatika, na hakuna aliyejua aliko. Mume wangu alishindwa kumkabili, nikapanda mimi. Nilimweleza habari za nguzo kwa Kikisii, naye akanisikiliza huku akimenya viazi.

"Mwanangu, nimekuelewa," akasema. "Lakini kijana wangu akirudi, si atakuja mlango huu?"

Nilichukua kisu kingine nikamsaidia kumenya.

Alikwenda kuishi kwa kaka yake, huko Ogembo. Kabla ya kuondoka alipita duka kwa duka akiwaeleza majirani anakokwenda. Mafundi walipoanza kubomoa, ukuta wa chumba chake uliposukumwa kwa mikono tu ulianguka. Mume wangu aliuona ukianguka, na jioni hakugusa chakula. Tulijua angeweza kufia mle. Kujua hivyo hakukutufariji.

Mvua za masika zilipokwisha tukapata habari kwamba yule mama amefariki. Tulikwenda kumzika. Kaka yake alitupokea vizuri, akatupa viti mbele, wala hakutulaumu kwa lolote. Ulipofika wakati wa kutia udongo, mchungaji akamwita mwana wa marehemu atangulie, kama ilivyo desturi. Watu wakatazama chini. Kisha yule kaka akainama polepole, akachota udongo kwa mkono wake.